Friza ya Idara

Mhadhiri wetu pekee wa mageuko ya viumbe, aliyefundisha jinsi DNA inavyoonyesha undugu wa samaki na samaki, mmea na mmea, aliinuka siku moja baada ya chai ya saa nne, akasema anakwenda kufundisha Botswana, na kweli akaenda. Sikumlaumu. Nilimtukana kimoyomoyo tu, kwa wiki mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa idara. Barua ikashuka kutoka utawala: serikali inapunguza wafanyakazi, nafasi isiyojazwa hadi mwisho wa mwezi inafutwa. Ikifutwa, somo linakufa, na wanafunzi wangu kumi na mmoja wa mwaka wa tatu hawamalizi. Walinisubiri mlangoni kila asubuhi. "Shikamoo, mwalimu. Amepatikana?" Ilifika mahali nikawa napitia mlango wa nyuma, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu.

Tulitangaza gazetini, hakuomba mtu. Nchi nzima nilimjua mmoja tu anayeiweza kazi hiyo, kijana niliyemfundisha mwaka wa kwanza kabla hajaenda Ulaya kusoma hadi udaktari. Alikuwa amerudi kwao Ufipa kumzika baba yake, akabaki na mama. Nilimwandikia mara mbili. Kimya. Nikachukua fomu za ajira, nikapanda basi.

Siku ya tatu nilifika Sumbawanga nikiwa na tope mpaka kwenye nywele, na pikapu ya mahindi ikaniteremsha Msanzi. Baridi ya kule haina adabu, na upepo hauna mti wa kuuzuia. Niliwakuta shambani, mama na mwana, wanafukia nyasi na kuinua yale matuta yao ya duara, maana mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Nilikuwa nimebakiwa na siku sita. Nikatoa fomu palepale, hata jasho halijawakauka.

Walifanya kama hawajaziona. Waliweka majembe chini, wakainama, wakapiga makofi ya polepole ya kunisalimu, wakauliza habari za safari, za nyumbani, za watoto, za wajukuu, za usingizi wangu njiani. Nikaona aibu, nikazirudisha mkobani. Nikala ugali wa ulezi na maharage. Kesho yake nikashika jembe nami, viganja vikatoka malengelenge. Kila nilipofungua mdomo mama alinitangulia: "Pumzika kwanza, mwanangu. Umetoka mbali." Nilicheka kwa adabu, na moyoni nilikuwa nalia. Siku zilikuwa zinakwisha na mimi nafukia nyasi.

Siku ya tatu kijana akaanza mwenyewe, tumekaa pembeni ya shamba tunakunywa maji. Alikuwa amerudi na vimeng'enya kutoka Ulaya, zile protini za kukata DNA vipande ili ya samaki huyu ilinganishwe na ya yule. Vilikuwa ndani ya jokofu la mafuta ya taa la mapadre, mjini. Mapezi ya samaki wa Ziwa Tanganyika alikuwa nayo tayari, chupa kwa chupa, ndani ya spiriti. Miaka minane ya kazi, ilibaki kumalizia tu. Lakini vimeng'enya vikipata joto kwa siku chache, basi, vimekufa.

"Mshahara sikuulizi, mwalimu," akasema. "Nauliza moja tu. Friza ya idara inagandisha?"

Friza ya idara ilikuwa imekufa miaka miwili. Tulitunzia mafaili humo, kwa sababu panya hawakuweza kuifungua.

"Inagandisha," nikasema.

Hakuuliza mara ya pili. Nilikuwa mwalimu wake. Akaweka fomu juu ya paja, akasaini kwa mkono wenye udongo, na mama yake akanipigia makofi yale ya polepole mpaka nikashindwa kumtazama.

Fomu nilizifikisha siku ya mwisho, saa tisa na nusu. Nafasi ikapona. Yeye alikuwa anakuja baada ya wiki mbili, na nilijiapiza kwamba friza itakuwa imetengenezwa. Fundi akaja, akaigonga, akasema mashine yake imeungua. Niliuzunguka mji mzima. Maduka ya enzi ile mpya ya soko huria yalijaa sabuni za nje, redio na mitumba, mashine ya friza yangu haikuwamo. Nikaomba nafasi kwenye friza ya mwenye bucha, lakini umeme wa mgao ulikuwa unakatika kutwa nzima, nyama yenyewe ilikuwa inamwozea. Ningeweza kuwapigia simu mapadre, wakamwambia aviache vilipo. Nilifika hadi mlango wa posta. Nikawaza, akijua, haji. Nikageuka.

Alikuja ameikumbatia chupa ya chai iliyojaa barafu, vimeng'enya ndani, siku tatu juu ya mapaja. Hakutaka hata kuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza, akaifungua. Juu ya mafaili mengine lilikuwa faili jipya, la ajira yake.

Akafunga taratibu. Akanigeukia, akauliza habari za wajukuu.

Alifundisha. Wale kumi na mmoja walimaliza wote, na somo lipo hadi leo. Mapezi yalibaki kwenye chupa zake. Kila asubuhi alinisalimu salamu nzima, bila kuruka hata moja, na mimi kila asubuhi nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa naogopa atasema hakuna shida.

Mwaka wake wa nne mama yake alimpa aniletee mfuko wa unga wa ulezi, na salamu kwamba ananishukuru kwa kumtunza mwanawe. Nilisimama nao ofisini, nikamuuliza kijana niuweke wapi panya wasiufikie.

"Kwenye friza, mwalimu," akasema kwa upole. "Humo pakavu."