Nyasi za Mama Vaileth

Anastasia, ambaye hapa Edmonton, ughaibuni, sote tunamwita Mama Vaileth, ametunza wazee wa watu miaka mingi, na kwa jasho hilo akanunua fleti. Kampuni iliyojenga fleti hizo ilipewa kibali kwa sharti moja: sehemu ya ada ya kila mwenye fleti iende kwenye bonde la nyuma kwa miaka thelathini, mpaka kijito kitakasike na maua ya asili yarudi. Mama Vaileth alitia saini akidhani atapata bustani.

Kilichoota ni nyasi za kufika kiunoni. Mtu aliyekulia Njombe, akifagia uwanja kabla ya kuonja chai, hawezi kuona pori dirishani akatulia. Majirani tuliona aibu vilevile, ila tulinyamaza.

Mwezi Juni watu wa mchumba wa Vaileth walikuja kutoka Lewisham, upande wa pili wa jiji, kuleta posa. Alfajiri ya siku hiyo Mama Vaileth alitoka na fyekeo, akafyeka upande wote wa dirisha lake, kisha akaoga na kuvaa kitenge kipya. Wageni walifika, wakaketi, wakasifu mapazia. Ya nje hakuna aliyeyauliza.

Nilikuwa napakua pilau mlango ulipogongwa. Alikuwa Hemali, msimamizi wa bonde, binti wa Wahindi wa Moshi, Kiswahili chake safi kabisa. Alieleza kwamba maua yaliyokuwa kati ya nyasi yamekatwa kabla ya kutoa mbegu na kipande kile kitaanza upya kuhesabiwa miaka thelathini. Kampuni inamfukuza Gires, mtunza bustani, kwa kuwa ndiye mwenye zana. Je, kuna aliyeona nani amefyeka?

Fyekeo lilikuwa jikoni, bado lina majani mabichi. Niliomba moyoni Mama Vaileth anyamaze, walau mpaka wakwe waondoke.

Akaweka sahani chini. "Nimefyeka mimi," alisema. "Gires hana kosa. Kama kuna faini, niandike mimi."

Vaileth aliinamisha kichwa. Marcelina, mama wa mchumba, akainuka, akafungua pazia, akatazama kile kipara.

"Ungeniambia mapema," alisema, "ningekuja na fyekeo langu."

Posa ilipokelewa, na Gires yupo kazini. Oktoba alipanda mbegu mpya, Mama Vaileth akiwa amepiga magoti kando yake. Miaka thelathini ya kipande kile ikitimia, mama huyu atakuwa na tisini na mmoja. Uzuri wa nyasi zile bado hauoni, ananiambia bila kuficha. Lakini mtu akizikanyaga, humfokea kutoka dirishani.