Kicheko Kilichorushwa Wakati wa Eda

Ilikuwa mwaka 2022, katikati ya kiangazi, nami nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Jumamosi, tarehe 16 Julai, nilialikwa katika kipindi cha usiku wa manane cha televisheni moja ndogo ya Gitega. Kipindi hicho kilirekodiwa mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mtangazaji alilala kitandani na pajama yake, na wageni tulipita mmoja mmoja kumzuia asisinzie. Alitangulia fundi aliyeimba huku akiendesha cherehani, akafuata mzee wa Makebuko aliyewasifu ng'ombe wake kila mmoja kwa jina, kisha mimi.

Kazi yangu ilikuwa tarehe. Nilianza shule nikiwa mtu mzima, katika masomo ya jioni ya Mushasha, na kitu cha kwanza nilichokisoma peke yangu kilikuwa kalenda. Tangu hapo, ukinitajia tarehe nitakutajia siku yake. Mtangazaji akataka kunitega, akasema amezaliwa tarehe 29 Februari 1983.

"Mwaka huo Februari iliishia ishirini na nane," nilimjibu. "Kwa hiyo bado hujazaliwa, mwanangu. Lala tu."

Ukumbi ulicheka. Mume wangu, aliyenisindikiza, alicheka mstari wa mbele, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa nimevaa kitenge cha manjano, na hina mikononi.

Mume wangu alifariki Jumatatu, tarehe 19 Septemba, akazikwa jioni ileile hapa Gitega. Nikaingia eda nyumbani kwetu.

Televisheni ile haikuwa na haraka. Ilirusha kipindi mwezi Novemba bila kutaja kilirekodiwa lini. Shemeji yangu mkubwa alikitazama mkahawani kwao Muyinga, na asubuhi akanipigia simu.

"We uko kwa televisheni na hina, unacheka na vijana, na kaburi ya ndugu yangu haijakauka?"

Nilimweleza kwamba ilikuwa Julai. Akasema kila anayeshikwa yuko na Julai yake. Alinitaka nifike Muyinga kabla ya Ijumaa, nijieleze mbele ya familia na imamu. Nisipofika, nisijihesabu tena miongoni mwa wanawake wa nyumba ile. Neno hilo liliniuma kwa sababu ya mama mkwe, ambaye tangu niolewe mwaka 1994 hakuwahi kuniita kwa jina lingine ila mwanangu. Nilipoomba kuzungumza naye, nikaambiwa amelala.

"Shemeji," nikasema, "nikivuka kizingiti hiki kuja kuapa kwamba sikutoka, nitakuwa nimetoka. Nisubirini nimalize eda."

Alicheka, akasema shule ya uzeeni imeniharibu.

Jirani yangu alinishauri niwaombe watu wa televisheni barua ya kunitetea. Nilikataa. Watu walioishi nami tangu ujana wangu hawakupaswa kungoja barua ndipo waniamini.

Desemba kipindi kilirudiwa. Mama mkwe aliomba apelekwe sebuleni kwa jirani, akaione aibu ile kwa macho yake. Binti wa shemeji, aliyemshika mkono, alinisimulia baadaye kwamba bibi yake hakunitazama hata kidogo. Alinyoosha kidole kwa mwanamume mwenye kofia nyeupe mstari wa mbele, akasema, "Yule ni mwanangu. Yuko hai." Kisha akawaomba watu wanyamaze mpaka mwisho.

Eda yangu iliisha tarehe 25 Januari 2023. Wiki iliyofuata nilikwenda Muyinga, kama nilivyoahidi. Baada ya sala ya Ijumaa familia ilikaa sebuleni, imamu katikati. Shemeji alisema televisheni ilimdanganya.

"Televisheni haikupiga simu," mama mkwe akamkatiza. "We ndiye ulipiga."

 Shemeji alinigeukia, akasema, "Maneno yangu nimeyarudisha, shemeji. Unisamehe."

Imamu akaniuliza kama nimeridhika. Nikajibu kwamba nimeridhika, kwa kuwa yamerudishwa mbele ya wote walioyasikia. Ikasomwa Fatiha. Mama mkwe akasogea kidogo, nami nikakaa mkekani upande wa wanawake wa nyumba, Ijumaa, tarehe 3 Februari 2023.