Siri Iliyopita Sokoni

Nilikuwa mtu pekee wa kompyuta wa chuo kikuu chetu kwenye ufuko wote wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, cheo kirefu kuliko kazi yenyewe. Kituo chetu cha Nchelenge kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta nane, juu kidogo ya bandari, na kiliwahudumia walimu waliosoma huku wakifanya kazi. Mambo makubwa yalikaa mbali. Dawati la msaada lilikuwa kwenye kampasi ya mjini, safari ya siku nzima kwa basi, na daftari la wanafunzi lilitunzwa kwenye kampasi nyingine ambayo sijaikanyaga hadi leo. Asubuhi nilifagia mchanga. Mchana, pakiwa kimya, niliandika riwaya yangu ya kwanza huku ziwa likimeta dirishani kama mtu anayetaka naye aandikwe.

Muhula ule mfumo ulibadilishwa. Neno la siri peke yake halikutosha tena. Kila aliyetaka kuingia alitumiwa namba sita kwenye simu, na namba hizo zilikufa baada ya dakika mbili. Lilikuwa wazo zuri kwa mtu mwenye simu yake mfukoni. Lakini wanafunzi wetu wanne wa Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, walikuwa wamejiandikisha wote kwa namba moja, ya mwenye boti anayewavusha. Vijiji vyao vinatazamana na Kongo, simu zao hushika mtandao wa Kongo, kwa hiyo laini zao ni za huko, na fomu ya chuo ilikataa namba ya nchi nyingine. Mwenye boti alikuwa na laini ya Zambia. Wakaandika yake, kama mtu anavyoandika jina la jirani anayempokelea barua.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za mazoezi ya kufundisha, mmoja wao aliingia, mwalimu wa darasa la pili, viatu mkononi, ripoti ndani ya flashi aliyoivaa shingoni kama rozari. Mfumo ungefungwa saa kumi na moja jioni. Asiyewasilisha angerudia mwaka mzima, naye alikuwa tayari amerudia miwili. Ilikuwa saa nane na nusu. Tukabonyeza, namba zikatumwa.

"Simu iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko na mwenye bwato."

"Na mwenye bwato?"

"Amenishusha, amepita mpaka bandari ya Puta. Atarudia kesho." Akakaa. "Mi nilizani bataituma mara moja tu."

Nikaipiga namba ya mwenye boti; huko ziwani haikupatikana. Nikapiga dawati la msaada. Mwanamume aliyepokea alizungumza Kibemba cha mjini, kikavu. Alisema tuandike ombi, litajibiwa ndani ya siku tatu. Mwalimu akanyoosha mkono nimpe simu. Hakumwomba chochote. Alimuuliza ukoo wake tu, kwa Kibemba hichohicho.

"Mamba," sauti ikajibu.

"Nilijua. Anayelala kwenye matope na kungoja siku tatu ni nani mwingine? Mimi ni Samaki."

Kwetu Mamba na Samaki ni watani. Hutukanana bila kukasirika, na mmoja akifiwa, mwenzake ndiye hushika kazi za mazishi. Mtani haambiwi aandike ombi.

"Samaki umejileta mwenyewe," sauti ikasema, nayo ilikuwa imelainika. "Nikumeze sasa au nikusaidie kwanza?"

"Nisaidie. Nikifeli nitakukwama kooni."

Akaeleza kwamba angeweza kuifuta namba ya boti, lakini namba ya Kongo ingekubaliwa na mtunza daftari tu, kule kampasi nyingine. Akamtafuta, akatuunganisha wote kwenye laini moja. Mtunza daftari alikuwa mama wa taratibu, asiyecheka. Alitaka picha ya mwalimu ameshika kitambulisho, kisha akataka neno langu, kama mfanyakazi wa chuo, kwamba huyu ndiye. Nikalitoa nikiwa nimesimama wima kama askari, ingawa hakuwa akiniona. Namba ya Kongo ikaingia kwenye daftari saa kumi na dakika ishirini.

Ndipo tukagundua kwamba mtandao wa Kongo haufiki kituoni. Unafika mwisho wa gati tu, na kati ya gati na kiti changu kuna soko zima la samaki. Kunipigia asingeweza, simu yangu ilikuwa bado imeshikwa na wale wawili, wakingoja ripoti iingie. Mwalimu akashuka mbio, akasoma namba, akapanda mbio. Zilikuwa zimekufa. Nikaomba nyingine, naye akashuka tena, na hizo nazo zikafia njiani.

Safari ya tatu mchuuzi mmoja wa samaki wakavu akamzuia.

"Mama, unakimbia nani?"

Akamweleza akihema.

"Mwili huo utakimbia nini? Simama kule kwenye maji, useme. Sisi tutapitisha."

Wakajipanga, wachuuzi watano, kutoka gatini hadi mlangoni kwangu. Sokoni hesabu ni za Kiswahili, kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo, na sauti zao zimezoea upepo. Nikabonyeza. Baada ya muda nikasikia zinapanda: nane, mbili, mbili, tano, moja, tisa. Mchuuzi wa mwisho alinisomea kila namba akiwa amenyoosha vidole, kama aliyedhani mimi ni kiziwi.

"Hizo ndizo namba za siri?" mtunza daftari akauliza simuni.

"Zimeshaingia," nikasema.

"Mimi sijasikia kitu," akasema Mamba.

Ripoti, kutoka kwenye flashi aliyoniachia, ilipanda polepole, na mwalimu akafika wakati mstari wa kijani unafika mwisho. Zilikuwa zimebaki dakika saba. Ujumbe wa kupokelewa aliusoma mara mbili kwa mdomo, mara ya tatu kwa kidole.

"Imepita?" wachuuzi wakauliza kutoka mlangoni.

"Imepokelewa," mwalimu akajibu. "Kupita ni mwezi ujao."

"Na ndani umeandika nini, tumekimbiza namba zake hivi?"

"Namna ya kufundisha batoto kujumlisha."

Wakatazamana. Mchuuzi wa samaki wakavu akafuta mikono kwenye kitenge. "Basi kuja utusomee. Kama umekosea, tutakuambia."

Nikamchapia nakala. Wakashuka naye, wakamketisha kwenye kreti katikati ya vichanja, naye akaanza ukurasa wa kwanza, wakimkatiza karibu kila sentensi.