Wimbo Uliosomwa Kutoka Kuume

Dukani kwa muuza halua, hapa Amu, bibi mmoja aliirudisha halua yake mezani. "Karatasi hii ina maandishi, Bwana. Huenda mna jina la Mungu, nawe waipaka samli."

Karatasi ilikuwa na mistari mitano mitano na nukta nyeusi zenye mikia. Mwalimu wa chuoni, afundishaye watoto Kurani, aliyekuwa akisubiri zamu yake, aliipokea kwa mikono miwili, akasema hajui ni lugha gani. Hapo akaingia karani Mgoa wa forodhani, mpiga fidla.

"Ni wimbo," alisema. "Kila nukta ni sauti. Hizi tatu zilizopandana hulia pamoja, lakini kinywa changu ni kimoja, nitafuata ya juu."

"Haya, tuusikie," Mwalimu akasema, akaweka kidole mwanzo wa mstari, yaani kuume.

Karani alikitazama kile kidole. Kisha, kwa adabu, akapiga mbinja akikifuata mpaka kushoto. Alipomaliza ndipo akaeleza kwamba wenye maandishi hayo huanzia upande wa pili, akaupiga tena kwa ndia yao.

"Ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi," bibi akasema.

Mwalimu akaamua kuwa si neno la Mungu. Hata hivyo bibi aliichomeka karatasi kwenye ufa wa ukuta, halua akafungiwa kwa jani la mgomba.

Juzi nimepita penye harusi, wanawake wanauimba wimbo ule, tena ule wa kuanzia kuume. Aliyeutunga, huko aliko, hajui kwamba alitunga nyimbo mbili, na kwamba sisi tumeshika ule asioujua.