Pasi na Birika kwenye Waya Mmoja

Fundi umeme wa jengo letu hapa Kariakoo hupiga hesabu kwa sauti, kidole gumba kikisugua waya kama anayepima kitambaa: “Volti mia mbili thelathini, zidisha kwa ampea sita, hiyo pasi inakula wati elfu moja mia tatu themanini.” Jibu likija, hutabasamu peke yake. Ndivyo alivyompimia dada Jovitha, mshonaji wa chumba cha chini: pasi kivyake, birika kivyake, akasema waya wa ampea kumi unatosha. Jana vyote viwili viliwashwa pamoja, waya ukashika moto, na gauni la harusi lililoning'inia juu yake likaungua upande mzima.

Leo amekuja, akapiga magoti kuelekea ukutani, mgongo kwa mlango, akaanza kuufungua waya ulioungua kwa bisibisi.

“Labda umeme ulizidi ghafla, fundi,” Jovitha akamtafutia pa kutokea.

“Hapana, dada. Pasi ampea sita, birika nane. Nilisahau kujumlisha. Bibi harusi anakaa wapi? Niende nikamwambie mwenyewe.”

“Yuko hapo mlangoni. Amekusikia.”

Fundi akavua kofia, lakini kugeuka akashindwa.