Ng'ombe wa Mjane wa Nyakakika

Shaaban bin Mwinyikombo alifika Karagwe na msafara wa wauza nguo, akiwa na nia ya kuuza na kurudi zake Pangani. Homa ikamlaza kijijini Nyakakika. Wenziwe wakamwacha, na watu waliomuuguza wakampa uji, kisha maziwa, na mwishowe wakampa binti. Binti huyo, Kyaruzi, aliposilimu akaitwa Mwajabu. Basi Shaaban akajenga, akafungua duka la kaniki na chumvi, akajifunza Kinyambo hata akawa anaota kwa lugha hiyo. Wenyeji walimwita Mwungwana, kama kila mtu wa pwani, na wazee wakamwita kwenye mabaraza yao. Wadachi walipokuja kutawala, nao wakamwita awe mkalimani wao, naye hakuona ubaya.

Ubaya aliuona mwaka 1909. Ng'ombe waliingia mgombani, ugomvi ukazuka, na Katabaro, kaka yake Mwajabu, akampiga jirani yake Bitegeko kwa fimbo ya kuchungia. Fimbo ikampata nyuma ya sikio. Bitegeko alianguka, hakuinuka tena.

Kwa sheria ya wazee, damu ya mtu ilikuwa na njia mbili: mkuki au ng'ombe. Koo mbili zilikaa, zikavutana, zikatukanana, na mwishowe ndugu wa marehemu wakakubali ng'ombe. Ng'ombe hao akapewa mjane wa Bitegeko, Nyamwiza, awalee wanawe kwa maziwa yao. Mikuki ikarudishwa darini.

Kisha habari zikafika bomani. Bwana mkubwa akaja na askari wake, akawekewa kiti uwanjani, akaagiza Katabaro aletwe. Shaaban akasimama kati yao, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho.

"Muulize, alimpiga kwa kusudi?" bwana akasema kwa Kiswahili chake kigumu.

Katabaro hakumtazama shemeji yake. "Nilikusudia kumpiga," akasema kwa Kinyambo. "Sikukusudia afe."

Maneno hayo yalikuwa na pande mbili. Upande mmoja ungemwokoa mtu, wa pili ungemnyonga. Shaaban alihisi macho ya mkewe shingoni, na macho ya ndugu wa marehemu usoni. Akayafasiri yote kama yalivyotoka.

Bwana akahukumu: Katabaro afungwe minyororo, akafanye kazi ya barabara miaka mitano. "Na ng'ombe warudishwe kwao leo. Roho ya mtu hainunuliwi. Atakayetoa ng'ombe wa damu, au kuwapokea, atachapwa viboko."

Nyamwiza akainuka na mtoto mgongoni. "Mwungwana, mwambie bwana wako hivi: hakumfunga Katabaro, amenifunga mimi. Yeye anakwenda kulimia barabara. Mimi wanangu niwape nini?"

Shaaban akafasiri. Bwana akajibu kwamba serikali imekwisha kusema, akapanda nyumbu wake.

Siku ileile ng'ombe walirudishwa, na siku ileile Rwegoshora, kaka wa marehemu, akaushusha mkuki darini. Kwake jambo lilikuwa wazi. Mdachi alikuwa amejilipa. Ukoo wa Bitegeko haukulipwa. Katabaro hayupo, lakini mdogo wake Ishengoma yupo. Ishengoma akakimbilia kwa dada yake, akajificha dukani nyuma ya majora ya kaniki, na kila mteja aliyebisha hodi aliwakata pumzi wote watatu.

"Nenda kwa Rwegoshora," Mwajabu akamwambia mumewe.

"Nikamwambie nini? Nikimpa ng'ombe, nachapwa. Nisipompa, tunamzika Ishengoma."

"Mume wangu, Mdachi amekataza ng'ombe wa damu. Amekataza mtu kumwachia jirani ng'ombe amtunzie, naye anywe maziwa? Watu wa hapa wamefanya hivyo tangu babu zao."

Shaaban akavaa kofia yake.

Alimkuta Rwegoshora mbele ya nyumba akinoa mkuki. Hakukaribishwa. "Mwungwana, ulimi wako ndio uliowarudisha ng'ombe wetu," Rwegoshora akasema, na jiwe halikusimama.

"Ulimi ni wangu, hukumu si yangu. Nisikilize, ndugu yangu. Katabaro amefungwa, hana wa kumtunzia mifugo. Ndugu zake tunaomba Nyamwiza amtunzie. Ndama watakaozaliwa, Nyamwiza achague anaowataka."

"Kwa jina la damu?"

"Jina sitalitaja. Wala wewe usilitaje."

Jiwe likasimama. Rwegoshora akamtazama kana kwamba anampima pa kumchoma. "Na akirudi, akiwadai?"

"Nitakuwa shahidi wako juu yake, ijapokuwa ni shemeji yangu."

Rwegoshora aliingia ndani, akakawia. Alipotoka alikuwa na buni za kutafuna, zile anazopewa mgeni wa heri, akamwekea kiganjani. Shaaban alizitafuna, akarudi kumtoa Ishengoma dukani.

Haikupita miezi mingi askari akapita kwa Nyamwiza, akawaona ng'ombe. Akamwita mkalimani. "Hawa si ng'ombe wa Katabaro? Wamefikaje huku?"

"Ni wa Katabaro, afande, wala hakuwatoa. Mama huyu anamtunzia. Waulize majirani."

Askari akauliza. Mmoja baada ya mwingine, wa ukoo huu na wa ukoo ule, wakajibu hivyohivyo. Alizunguka zizi, akagonga kiboko kwenye buti, akamkazia macho Shaaban hadi Shaaban akahisi mgongo unamuwasha. Kisha akaomba maziwa, akanywa, akaenda zake.

Baada ya hapo watu wa Mabira na Kibingo, waliokuwa na kesi zao za damu, walikuja dukani kama wanaotaka chumvi, wakauliza jambo lile hufanywaje. Shaaban aliwaeleza kwa sauti ya chini. Kazi ya ukalimani aliiacha, akisingizia masikio.

Katabaro alirudi amekonda, vifundo vya miguu vina makovu ya pingu. Shaaban alimsindikiza hadi kwa Nyamwiza, na Rwegoshora akaja akasimama kando, mikono mitupu. Katabaro aliwatazama ng'ombe, nao walikuwa wameongezeka, akageuza uso.

Nyamwiza akamletea maziwa kibuyuni. "Kunywa," akasema. "Ukimaliza, kuna mgomba umelazwa na upepo kule nyuma, una mkungu mzito. Nisaidie kuuinua."