Shosho Wangu si Mwinuiti

Nianze na ujinga wenyewe, tuumalize. Nilisimama mbele ya darasa zima, hapa Missouri City, pembeni mwa Houston, Texas, nikasema shosho wangu ni Mwinuiti.

Shosho wangu, yaani mama yake mama, analima viazi Kinangop, kule Kenya. Barafu anayoijua ni ile ya alfajiri inayounguza majani ya viazi. Samaki hamli. Kwake yeye samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea, na anayemla ajitayarishe kujibu maswali mbinguni.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa jiografia alitupa wiki tatu: chagua jamii inayoishi mahali pagumu, ueleze ujuzi mmoja unaoiweka hai. Nikachagua Wainuiti, watu wa kaskazini kabisa ya dunia, na jinsi wanavyovua samaki chini ya barafu. Sikuwachagua kwa mapenzi. Nilipiga hesabu kwamba katika joto la Houston, ambako hata bomba la maji baridi linatoa ya moto, hakuna mtu angejua nikidanganya. Wiki zote tatu nikazila kwa kucheza. Siku ilipofika nilienda mbele bila karatasi. Nilienda na mdomo.

"Wainuiti hutoboa tundu kwenye barafu," nikasema, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli yangu ya mwisho. "Halafu wanasimulia kichekesho ndani ya tundu. Samaki akicheka anafungua mdomo, ndoana inaingia."

Darasa likaanguka kicheko. Mwalimu hakucheka. Akauliza, kwa upole kabisa, nimeyatoa wapi hayo.

"Kwa shosho wangu. Ni Mwinuiti. Upande wa Kenya."

Mpaka leo sijui kama aliniamini au alinitegea. Ninachojua ni kwamba alimwandikia Mama barua pepe.

Mama ni nesi. Aliisoma jikoni, akiwa bado na nguo za kazi, viatu mkononi.

"Kuja hapa."

Nikaenda.

"Mwalimu wako anaomba mamangu afundishe darasa kwa video. Kuvua samaki. Kwa barafu." Akaweka viatu chini polepole, kimoja, halafu kingine. "Mamangu mimi. Wa Kinangop."

"Mum, it was a joke."

"Ongea vizuri, nisikie vizuri."

"Nilikuwa natania tu."

Mama hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akachukua simu akampigia mjomba, ndugu yake, Nyeri. Akamweka kwenye spika nisikie mwenyewe. Mjomba akasema nafasi ya shule ipo huko, kidato cha pili, bweni, wanaamka saa kumi na nusu, maji ya kuoga ni baridi, kichwa kinanyolewa. Alivyoyasema ungedhani anatangaza hoteli.

Ukiwa mtoto wa Mkenya Texas, jambo hili si la kuchekea. Kanisani kwetu kulikuwa na jamaa aliyeambiwa anaenda likizo ya wiki mbili kusalimia nyanya yake. Alifungasha kaptura na kifaa cha michezo ya video. Wiki ya tatu tukaona picha yake: sweta la kijani, soksi mpaka magotini, macho ya mtu aliyeuzwa na ndugu zake. Mwaka wa pili huu, bado yuko likizo.

Mwalimu alikuwa ameniwekea sifuri, lakini aliacha mlango wazi. Nilipomwambia peke yake ukweli kuhusu shosho, alisema sifuri itafutwa kama Jumatatu nitaleta video ninafanya ujuzi wenyewe kwa mikono yangu, mpaka mwisho. Mama akasema mpango wake ni rahisi zaidi: sifuri ikibaki, tiketi. Ikifutwa, ataongea na mjomba.

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa, Mungu ana mzaha kuliko mimi. Wodini kwa Mama kuna mama mmoja mtu mzima, msaidizi wa wauguzi, ambaye Mama alikuwa anamwita tu "yule wa Alaska". Mumewe alifanya kazi ya mafuta huko kaskazini, kampuni ikamhamishia Houston, naye akafuata. Ijumaa Mama alimsimulia aibu yangu wakati wa chai. Yule mama akacheka mpaka akashika meza. Halafu akasema, "Mlete. Mimi ni Mwinuiti. Na shosho wangu alivua kweli."

Nilimwita Anti, kama ninavyomwita kila mwanamke anayeweza kunichapa. Alizungumza Kiingereza kidogo kidogo, kama mtu anayelipia kila neno, kwa hiyo nikiyaandika hapa kwa Kiswahili sijapoteza mengi.

Jumamosi asubuhi tulikutana kwenye ziwa dogo la mtaa wetu, mimi, yeye, na dadangu wa miaka kumi aliyetumwa kushika simu ya video. Ziwa lenyewe lina bata, kobe, na kibao kinachosema usilishe mamba. Lina pia gati la mbao, la zamani, ambalo ubao wake mmoja katikati uling'oka. Anti akaliangalia lile pengo akatikisa kichwa kuridhika.

"Tundu letu," akasema.

"Na barafu?" nikauliza.

"Barafu ni hizi mbao. Shika."

Akanipa mti mrefu akaniambia nisikanyage mahali popote kabla sijapagonga mara tatu. Kwao, mtu anayetembea kwenye barafu hugonga mbele yake kwa chuma. Pigo la kwanza likipasua juu, barafu haimbebi. Nikaanza kugonga kwa madaha, kama askofu na fimbo yake, dadangu akicheka. Karibu na pengo nikagonga ubao uliofanana kabisa na wenzake, na mti ukazama ndani yake kama kijiko kwenye ugali. Umeoza wote. Ningekanyaga hapo, mguu wangu ungekuwa unasalimiana na wale wa kwenye kibao.

Nikaacha uaskofu.

Halafu akatoa vijiti viwili, kila kimoja urefu wa mkono mpaka kiwiko, na mshipi umefungwa kati yake. Mwisho wa mshipi palikuwa na kipande cha mfupa alichokichonga mfano wa samaki mdogo, uzi mwekundu, na ndoana isiyo na kile kijino cha kumzuia samaki. Unachezesha kijiti juu chini, chini juu, yule wa mfupa aonekane anaumwa. Samaki akishika, unainua kijiti kimoja, unakamata mshipi kwa kijiti cha pili, unainua, unakamata kwa cha kwanza, mshipi unajikunja kwenye vijiti huku samaki anapanda. Mkono hauugusi mshipi. Hata kidogo.

"Kwa nini?"

"Mshipi umelowa. Ukiugusa, glavu inalowa. Glavu ikilowa, vidole vinakufa. Vidole vikifa huwezi kuwasha moto, huwezi kufunga kamba, huwezi kurudi nyumbani." Akanitazama. "Samaki mmoja. Unakufa kwa samaki mmoja."

"Lakini hapa ni joto, Anti. Mimi vidole vyangu vinatokwa jasho."

"Mwalimu wako alisema ujuzi wenyewe, au nusu yake?"

Nikalala kifudifudi, koti juu ya kichwa ili nione majini. Humo ndani ya koti palikuwa na joto la sufuria ya githeri. Baada ya dakika nne nilikuwa nimeshatangaza mpira, nimeiga sauti ya mchungaji wetu, na nimemuuliza samaki kama ana viza.

"Unaongea na nani?" Anti akauliza.

"Na samaki."

"Wanajibu?"

"Bado."

"Basi waache nao waongee."

Dadangu akasema, "Nimeshapima ukuta wa chumba chake. Kitanda changu kitaingia vizuri akienda Nyeri."

Jumamosi hiyo sikupata kitu. Tulikaa pale kwa muda wa saa tano, nikaondoka na alama za mbao tumboni na kuumwa na mbu mahali ambapo mbu hana ruhusa. Anti hakunilaumu. Wakati wa kukunja vitu ndipo alisimulia, bila kubadilisha sauti, kwamba alipokuwa mdogo ndege ya vyakula ilishindwa kutua kijijini kwao wiki tatu kwa sababu ya dhoruba. Duka likaisha. Mama yake alikaa kwenye tundu kila siku na vijiti kama hivi, mgongo kwa upepo. Walikula visamaki vya urefu wa kidole, watoto sita.

"Alikuwa anaimba? Kujipa moyo?" nikauliza.

"Alikuwa anavua," akasema.

Usiku nilijaribu kutunga kichekesho juu ya hilo. Hakikutoka.

Jumapili, baada ya kanisa, nikarudi. Niligonga njia yangu mpaka kwenye tundu bila kuambiwa, nikalala, nikajifunika. Nikafunga mdomo. Sijui kama umewahi kuona mtu kama mimi akifunga mdomo. Ni kama kukalia sanduku lililojaa paka. Maneno yanapanda, unayameza, yanapanda mengine.

Lakini baada ya muda fulani, sijui gani, yakatulia. Na kitu cha ajabu kikatokea: nikaanza kuona. Jana niliona maji ya rangi ya chai. Leo niliona nguzo ya gati imevaa ukungu wa kijani, visamaki kama sindano vikigeuka pamoja, kobe akipita chini yangu kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Yule wa mfupa nikamchezesha mara mbili, nikamwacha afe kidogo. Mara mbili. Akafa kidogo.

Kivuli cha nguzo kikasogea. Nguzo haisogei.

Alikuwa samaki wa kijani, mnene, mdomo mkubwa kama wangu. Akaja mpaka karibu, akasimama. Jana ningemsalimia. Leo hata pumzi niliibana. Nikamtingisha yule wa mfupa kidogo tu, kama kope, na mdomo ule mkubwa ukafunguka.

Kijiti kilivutwa nusura kinitoke. Nikainua.

"Vijiti!" Anti akasema. Ndilo neno lililokuwa na sauti kubwa kuliko yote niliyomsikia akisema.

Nikainua cha kulia, nikakamata na cha kushoto. Samaki akakimbilia nguzo. Ndoana haina kijino, mshipi ukilegea sekunde moja tu anaondoka, na mimi naondoka pia, mpaka Nyeri. Nikainua cha kushoto, nikakosa mshipi na cha kulia. Ukaanza kulegea. Ulikuwa hapo mbele ya vidole vyangu, ningeunyakua kirahisi kama kamba ya kiatu. Mkono wangu wenyewe ulifunguka, naapa, ulienda.

Nikaurudisha. Nikatupa kiwiko juu, kijiti kikanyoosha mshipi, cha kulia kikaupata. Kulia. Kushoto. Kulia. Ilikuja yenyewe sasa, kama kusuka, na maji yakapasuka ndani ya tundu, mkia ukanipiga usoni. Akakwama, pengo lilikuwa jembamba kwa tumbo lake. Nikamgeuza ubavu, nikainua kwa vijiti vyote viwili, naye akatua juu ya mbao akiruka na kunirushia ziwa zima mdomoni.

Mshipi wote ulikuwa umejikunja kwenye vijiti, umevuka huku na huku. Sikuwa nimeugusa.

Nikapiga kelele ambazo bata wa ziwa lile bado wanazijadili. Niliruka, kwenye mbao nzima tu, nikicheza mguu huu na huu. Dadangu naye akasahau chumba, akapiga kelele mpaka video ikawa ya anga. Bahati nzuri alishapata yote.

"Ni wangu!" nikasema.

"Si wako," Anti akasema. "Wa kwanza hawi wako. Unampa mzee. Hapo ndipo wengine watakuja."

Nikamtazama samaki. Nikatazama kama kuna mzee mwingine yeyote ziwani. Nikampa kwa mikono miwili. Alimpika nyumbani kwake jioni ile, mchuzi mwepesi, chumvi na kitunguu, akala taratibu kichwa chote pamoja na macho, na mimi na dadangu tukapewa bakuli ndogo. Alipomaliza akasema, "Huyu alikuwa mzuri," nami nikaketi wima kama niliyetawazwa.

Jumatatu sikumruhusu mwalimu aanze na video. Kwanza nilisema shosho wangu analima viazi na samaki hamgusi, na kwamba nilidanganya. Wakacheka, lakini mimi sikuchezea kicheko chao. Kisha nikaeleza kugonga mara tatu, na mshipi uliolowa, na ndege ambayo haikutua. Video ilipofika ile sehemu mkono wangu unafunguka na kurudi, darasa zima lilikuwa limesimama. Jamaa wa nyuma, ambaye hajawahi kuamka tangu muhula uanze, alipiga meza akisema, "Usishike! Usishike!" Mwalimu aliirudisha sehemu ile mara mbili. Halafu akaifuta sifuri mbele yangu.

Mama alirudi jioni. Barua pepe ya mwalimu kuhusu sifuri alikuwa ameshaisoma garini, nilijua kwa sababu alikaa kwenye gari muda mrefu taa zikiwa zimezimwa. Aliingia, akaitazama video akiwa amesimama, viatu bado mguuni. Alipofika mwisho akapangusa kioo cha simu na nguo yake ya kazi, akanirudishia, akasema:

"Nimemwambia mjomba wako hiyo nafasi ampe mjinga mwingine. Huyu wa kwangu bado nina kazi naye."